Baa 150 kwa Maji ya Ndoo?

Nianze kwa kusema wazi ili tusipotezeane muda. Mtu anayekuuzia mashine ya kuoshea kwa presha kwa kukutajia namba ya bar peke yake anakuibia. Inawezekana hata yeye hajui kama anakuibia. Lakini anakuibia.

Nazungumzia ile mashine wanayotumia vijana wa kuosha magari barabarani, yenye bunduki mkononi na mpira mweusi mgumu. Zamani ilikuwa mali ya biashara. Siku hizi watu wanainunua kwa ajili ya nyumbani, waoshee pevingi, baraza, ukuta wa fensi, hata bati. Kwetu Kanda ya Ziwa ugonjwa huu umeingia kwa kasi, na sishangai. Duara likitema, mtu anajenga. Akishajenga anapiga pevingi mbele ya nyumba. Akishapiga pevingi, vumbi jekundu linatua juu yake kama halina pengine pa kwenda, na mvua ya kwanza inaligeuza kuwa rangi. Hapo ndipo mtu anaanza kutafuta mashine.

Kwa wasiopajua, Buseresere ipo wilaya ya Chato, imeshikana na Katoro ya wilaya ya Geita kiasi kwamba mgeni anaweza kutoka mji mmoja kuingia mwingine akidhani bado yuko palepale. Tulikuwa Kagera mpaka mkoa wa Geita ulipozaliwa mwaka 2012. Ni mji wa biashara, wa mazao, wa mabasi yanayopita, na wa fedha ya dhahabu inayokuja kwa kishindo na kuondoka kimyakimya. Kila kinachouzwa Kariakoo utakikuta kwetu baada ya muda mfupi, ila maelezo yake huwa yanabaki njiani.

Sasa turudi kwenye hizo bar. (Mimi baa ninazozijua ni mbili: ile ya kunywea na ile ya njaa. Hii ya tatu imenilazimu kurudia fizikia ya kidato cha pili.)

Bar moja ni karibu sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwenye bomba lenye urefu wa mita 10. Kwa hiyo bar 150 ni bomba la mita 1,500 kwenda juu, robo ya Kilimanjaro. Ndiyo maana maji yanakata. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Kuna boksi nyingine zinaandika kwa psi, na hapo ndipo mtu anapagawa kwa kuona 2,000 au 3,000. Gawa kwa 14.5 utapata bar. Hiyo 3,000 inayokutisha ni bar 207 tu.

Nilipita kwenye duka moja Mwanza, jina lake silitaji kwa sababu maduka ya namna ile yako mengi na yote yanaongea lugha moja. Kijana akanionyesha mashine ndogo ya umeme, nyepesi kama kibuyu.

"Bosi, hii ni bar 300. Inatoa hata rangi ya gari."

"Inatoa lita ngapi kwa dakika?"

"Maji? Maji si unaweka mwenyewe, bosi."

Nilicheka, lakini ubavuni mwa mashine ileile kulikuwa na kibandiko kinachosema wati 1,400. Na hapo ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu kuna hesabu moja ambayo ukiijua hakuna muuzaji atakayekudanganya tena. Chukua bar, zidisha kwa lita za maji kwa dakika, gawa kwa 600. Jibu ni kilowati zinazohitajika kusukuma hayo maji. Ni hivyo tu. Bar 300 kwa lita 7 ni 2,100, ukigawa kwa 600 unapata kilowati tatu na nusu. Mashine inakula kilowati 1.4 kutoka ukutani halafu itoe tatu na nusu kwenye maji? Hiyo siyo mashine, huo ni mtambo wa kuzaa umeme, na TANESCO wangeshaununua wote.

Mashine ya kweli ya wati 1,400 ukiipa lita 6 kwa dakika inakupa bar 100 hivi, ukiacha joto na msuguano vile vinavyokula kiasi chake. Na hizo 100 zinatosha kabisa kung'oa matope kwenye pevingi! Kwanini wadanganye? Kwa sababu sisi wanunuzi tumezoea kuuliza namba kubwa. Tulifanya hivyo kwenye redio za wati elfu, tukafanya kwenye simu za kamera kumi, sasa ni zamu ya maji. Halafu hata boksi isiyodanganya huandika presha ya juu kabisa, ile inayofikiwa kwa nukta chache, siyo ya kufanyia kazi. Tafuta namba ya pili, ndogo, iliyojificha. Kama haipo, basi usiiamini hata ile ya kwanza.

Lakini hata huo siyo ugomvi wangu mkubwa. Ugomvi wangu ni maji.

Mashine hizi zililetwa majumbani na Wajerumani. Kampuni ya Kärcher ilitengeneza mashine ya kuosha kwa presha ya maji moto mwaka 1950 kwa ajili ya viwanda na karakana, na mwaka 1984 ikatoa ile ndogo ya kubebeka kwa mtu wa kawaida nyumbani. Mjerumani huyo wa 1984 ana bomba ukutani. Anafungua, maji yanakuja yenyewe kwa nguvu, masafi, saa ishirini na nne. Kabla ya mashine alikuwa anaosha uwanja kwa mpira wa bustani unaomwaga lita 15 kwa dakika na zaidi. Kwa hiyo anapoambiwa mashine ya lita 7 inaokoa maji, anaambiwa kweli.

Wewe wa Buseresere unayeambiwa maneno hayohayo, umewahi kuosha baraza kwa mpira wa lita 15? Uliosha kwa ndoo mbili, fagio gumu na unga wa sabuni. Lita 40, kazi imekwisha. Mashine ya lita 7 kwa dakika inamaliza dumu la lita 20 kabla dakika tatu hazijaisha. Saa moja ni lita 420. Madumu 21. Pevingi ya nyumba kubwa yenye matope ya masika haiishi kwa saa moja, weka mbili. Madumu 42!

Haya, nani anayachota?

Nauliza kwa sababu najua jibu na wewe unalijua. Hayachotwi na mwenye bunduki. Yanachotwa na binti wa nyumba, au na mama, au na kijana wa guta anayelipwa kwa dumu. Tunanunua mashine ya kumpunguzia mtu kazi ya kufagia kwa dakika arobaini, halafu tunampa kazi ya kubeba maji kisimani asubuhi nzima. Halafu baba mwenye nyumba anashika bunduki, anapiga picha, anasema maendeleo. Kwenye magazeti tunaandika kila mwaka habari za wasichana wanaochelewa shule kwa sababu ya maji, na mimi mwenyewe nimeziandika. Sijawahi kuandika kwamba mengine yanaishia kwenye pevingi.

Mjomba wangu ndiye aliyenifanya niyafikirie haya. Amejenga nyumba nzuri, amestahili, biashara ya mpunga siyo mchezo. Akanipigia simu.

"Mwangaluka, mpwa wangu."

"Mwangaluka mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Wewe msomi, upo mjini, nitafutie ile mashine ya maji. Nzuri. Ile yenye nguvu."

Nguvu! Nikamuuliza maji yake yanatoka wapi. Akasema kisimani, anaweka kwenye pipa. Nikamuuliza pipa liko wapi. Akasema chini, mpwa wangu, pipa huwa linakaa wapi? Basi nikajua tuna safari ndefu.

Kwa sababu mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa zikitegemea maji yasukumwe kuingia ndani yake. Hazijui kunyonya. Ukitumbukiza mpira kwenye pipa lililo chini, pampu inavuta hewa, inalia kama mbuzi, inachemka, na mihuri ya mpira ndani yake inaungua. Zipo zinazoweza kunyonya, na maelezo yake husema hivyo wazi, ila hata hizo ni kwa kimo kidogo na mpira uwe umejazwa maji kwanza. Dawa ya kweli ni tanki juu ya jukwaa. Simtanki likikaa mita mbili juu, maji yanashuka yenyewe, na mashine inapata inachokitaka. Ndiyo maana nasema ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya mashine na jukwaa la tanki, jenga jukwaa. Litakufaa hata mashine ikifa.

Na itakufa mapema usipoweka chujio. Maji ya visima vyetu yana mchanga laini ambao jicho halioni, na mchanga kwenye pampu ya presha ni msasa. Chujio la kwenye mdomo wa kuingilia maji ni kitu kidogo, mara nyingi huja na mashine, na mara nyingi fundi wa kwanza hulitoa akisema linapunguza kasi. Mkatalie.

Umeme au petroli? Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji wa mjini. Nyie mnasema umeme, kimya, safi, hakuna moshi. Kwa Dar sawa. Kwetu umeme ukishuka jioni taa inakuwa njano, na mota inayolazimishwa kufanya kazi kwa umeme pungufu inavuta zaidi, inachemka, inaungua. Basi ukichagua umeme, osha asubuhi, chomeka kwenye soketi yenye ethi, na usitumie ile waya ndefu nyembamba ya kuchajia simu. Wati 1,800 zikipita humo waya unapata moto na mashine inakosa nguvu. Uliza pia kama mota ni ya indaksheni au ya kaboni. Ya kaboni ni nyepesi, inapiga kelele kali, ni rahisi na haidumu. Ya indaksheni ni nzito. Mashine ya umeme inayonyanyuliwa kwa kidole kimoja, iache dukani.

Petroli ina faida moja ambayo hamtaiona kwenye boksi lolote. Ile injini ndogo ya farasi 6.5, ya Honda au nakala zake za Kichina, ndiyo hiyohiyo inayovuta maji mashimoni na mashambani ukanda huu mzima. Kila fundi wa Katoro anaifungua akiwa amefumba macho. Kabureta ipo, plagi ipo, kamba ya kuwashia ipo. Mashine bora ni ile ambayo ikiharibika Jumanne inapona Jumatano, na siyo ile ambayo kipuri chake kinaagizwa kwa meli. Lakini inakunywa zaidi ya lita moja ya petroli kwa saa ikifanya kazi kweli, na moshi wake unaua ukiiwasha ndani ya gereji au chumba kilichofungwa. Pia nyingi za bei nafuu hazijizimi unapoachia bunduki. Maji yanazunguka palepale ndani ya pampu yakichemka. Ukienda kupokea simu, zima.

Sasa, unaosha nini hasa? Swali hili nililipaswa kuliweka juu kabisa lakini hasira zilinitangulia.

Uwanja wa udongo hauoshwi. Unafagiwa, wazee wetu walijua. Pevingi inaoshwa, ila ukiielekeza bunduki kwenye maungio mchanga wa katikati unaruka wote, na baada ya wiki tofali zinacheza kama meno ya mzee. Sakafu ya niru inaonekana ngumu kumbe ni ngozi tu. Presha ikiibandua, chini kuna zege la mchanga mwingi na saruji kidogo (mafundi wetu mnajijua) na huko hakuna kurudi. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengewa kwa udongo usiusogelee kabisa. Utaosha nyumba mpaka iwe dirisha. Bati la zamani nalo liache na kutu yake, au ulipige brashi, maana ukikutana na msumari uliolegea maji yanaingia ndani ya dari.

Zile nozeli za rangi zina maana. Nyekundu ni nyuzi sifuri, sindano tupu. Njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ya sabuni. Kwa nyumbani anza na nyeupe, ukishindwa nenda kijani, ukae mbali hatua moja ndefu. Nyekundu itupe. Siongezi chumvi. Maji ya presha hiyo yanapenya ngozi, na kidonda chake kinadanganya: tundu dogo kama la sindano, halitoki damu nyingi, mtu anacheka anaendelea na kazi, kumbe ndani ya kidole maji na uchafu vimeshasambaa. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo, na amwambie daktari kilichompata. Kwetu nimeona watoto wanaogeshwa kwa bunduki hiyo watu wanacheka. Sikucheka.

Nimeacha la mwisho ambalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kumjibu mjomba tu kwa simu.

Nyumba nyingi za ukanda wetu zimewahi kuwa karakana. Mchanga wa karasha umemwagwa uani. Dhahabu imeoshwa nyuma ya jiko, imekamatwa kwa zebaki, imechomwa kwenye kikaango watoto wakiwa wanacheza. Leo mtu amepata, amesawazisha uwanja, ama amepiga zege juu, ama ameacha sehemu ileile ya zamani yenye nyufa. Halafu analeta mashine ya bar 150 aoshe.

Zebaki ni nzito, zaidi ya mara 13 kuliko maji. Inajificha kwenye ufa inakaa. Ukiipiga kwa presha huiondoi, unaipasua kuwa matone madogomadogo na kuyarusha: mengine yanakuwa mvuke unaouvuta, mengine yanakwenda na maji mpaka yanapokwenda maji. Na yanakwenda wapi? Nenda kaangalie uani kwako. Kwenye nyumba nyingi nilizoingia, mteremko unaelekea kisimani au bustani ya mchicha.

Mwaka 2010 huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto kwa mamia walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani na vumbi likabaki viwanjani. Mawe yetu siyo yale na sisemi yana risasi kama yale. Ninachosema ni namna walivyosafisha. Hawakuleta bunduki za maji. Waliondoa udongo wa juu, nyumba kwa nyumba, wakauzika mbali na kuweka udongo safi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, kwa hiyo kwenye makaratasi tunajua hatari yake. Kama uwanja wako uliwahi kuchomewa dhahabu, usiwashe mashine hapo. Usifagie ukavu pia. Paache, pafunike, watoto wakae mbali, tafuta wa mazingira wa halmashauri aje aone. Atachelewa, najua. Msumbue.

Wengine mnaouliza "basi tununue ipi?" jibu langu ni fupi: mara nyingi, usinunue. Nyumba ya kawaida inahitaji mashine hii mara nne kwa mwaka. Barabarani wapo vijana wenye mashine nzima, wenye mafuta yao na ujuzi wao. Mwite mmoja kwa nusu siku, mlipe vizuri, umwonyeshe nozeli nyeupe. Kama lazima uwe nayo, kwa sababu una tanki juu, una pevingi kweli na una mteremko unaopeleka maji mahali salama, chukua bar 110 hadi 130 za kufanyia kazi, lita 6 hadi 8 kwa dakika, kichwa cha pampu cha chuma au shaba na siyo plastiki, inayoweza kunyonya, na fanya ile hesabu ya 600 mbele ya muuzaji. Fanya kwa sauti. Utapunguziwa bei.

Mjomba nilimsomea haya yote kwa simu. Alinyamaza muda, nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza jukwaa la tanki la lita 2,000 linataka nondo za milimita ngapi, na kama kile kibanda cha zamani cha karasha, pale alipotaka kuweka maegesho, nacho kinahesabika. Nikamwambia mjomba, hicho ndicho cha kwanza.